Je, ni haki kumtaka mwenye njaa asikilize mahubiri kabla ya kupewa sahani yake?

Katibu wa Huduma, Mombasa

Wapendwa, nawasalimu nyote. Mimi ni katibu wa kamati ya huduma kwa jamii katika kanisa moja la hapa kisiwani Mombasa. Waumini wetu wa kujitolea hupika chakula kila Jumamosi katika uwanja wa kanisa na kuwapakulia watu wasio na makao: wavulana wanaolala kwenye vibaraza vya maduka karibu na soko la Marikiti, akina mama wenye watoto wachanga wanaoshinda Mwembe Tayari wakiwaomba abiria wa mabasi, wazee waliotupwa na jamaa zao, na vijana walioharibiwa na dawa za kulevya. Hatuna mfadhili. Mchele, maharagwe, nazi na makaa hutoka mifukoni mwa waumini, na tunamshukuru Mungu kwamba hadi sasa masufuria hayajakosa cha kutiwa.

Sasa kamati imegawanyika. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye ninamheshimu kwa dhati na ambaye hutoa kuliko wengi wetu, amependekeza kwamba kuanzia mwezi ujao lango lifunguliwe saa tano, watu waketi kwenye mabenchi, wasikilize Neno kwa muda wa nusu saa hivi na kuombewa, ndipo chakula kipakuliwe. Naye atakayefika baada ya mahubiri asubiri mpaka waliosikiliza wamalize kula. Anasema kwamba kanisa si mkahawa, kwamba aliyeshiba leo ataona njaa tena kesho, na kwamba katika Marko sura ya 6 Yesu mwenyewe aliwafundisha makutano kwanza, kisha akawalisha. Hoja hiyo si nyepesi, na wanaoiunga mkono ni watu wenye mapenzi mema.

Baadhi yetu tunasita, hasa kwa kuwa wengi wa wanaokuja kula ni Waislamu. Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukiombea chakula, nilimwona mama mmoja mwenye buibui lililochakaa amesimama kando ya lango, mwanawe mgongoni, akingoja tuseme amina ndipo asogee. Alipopewa sahani alikula nusu, nusu nyingine akaitia katika kopo la maziwa ya unga alilokuja nalo, akalifunika vizuri na kuondoka nalo. Sijui tutamwambia nini mama kama huyo tukimtaka akae kusikiliza mahubiri ya dini isiyo yake ili apate hicho alichokibeba kwenye kopo.

Kuna pia pendekezo la kupiga picha wakati wa kupakua na kuziweka mtandaoni, ili waumini walio mbali na watu wengine wenye moyo wavutiwe kuchangia. Ningependa kuwasikia wale ambao wameifanya kazi hii kwa muda, na hata wale waliowahi kukaa upande wa pili wa meza. Kamati itakutana kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama wa Jikoni, Changamwe

Bwana asifiwe, ndugu katibu. Ninasimamia upishi katika huduma kama yenu, kwa hiyo nitajibu kutoka jikoni na kuwaachia wachungaji mambo ya madhabahuni.

Wali ukishaiva hausubiri mahubiri. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kikae moto, yaani juu ya nyuzi 60 za selsiasi, au kiliwe kabla ya saa mbili kupita. Hayo ndiyo maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, na katika joto la Mombasa hayana mchezo. Wali ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu una vijidudu ambavyo havifi kwa kuchemshwa, na sufuria ikipoa polepole huzaana na kutoa sumu inayotapisha. Mtu mwenye nyumba akitapika ana choo na kitanda. Anayelala kibarazani hana, na akiharisha usiku kucha huenda akafukuzwa hata hapo kibarazani. Kwa hiyo hesabuni tangu mnapoepua sufuria: kuchukua chakula, kupanga watu, kunawisha mikono, kupakua, kisha mwongeze nusu saa ya mahubiri na maombi ambayo, sote tunajua, haitabaki nusu saa. Mtakuwa mnagawa chakula kilichopoa, na wa mwisho kwenye mstari ndio watakaoumia.

Maharagwe yalowekwe tangu usiku, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli kwa moto mkali kabla ya kupunguza makaa, hasa yale mekundu, kwani yasipochemka sawasawa huumiza tumbo. Kilo moja ya mchele inawatosha watu wanane hadi kumi wazima, lakini mkipikia wavulana wa sokoni hesabuni wanane. Unga wa mahindi wa kupewa uangalieni kabla ya kuupokea. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliwaua watu 125 nchini mwetu, wengi wao Makueni na Kitui, na mtu anayekula kwa sadaka hana nafasi ya kuchagua unga. Wapishi wote wawe na vyeti vya afya vya kushughulikia chakula, ambavyo hufanywa upya kila baada ya miezi sita.

Kuhusu nyama, nunueni kwenye bucha ambazo wachinjaji wake ni Waislamu, na hapa Mombasa hizo ndizo nyingi, tena muwaambie watu waziwazi mliponunua. Sufuria iliyowahi kupikiwa nguruwe isiingie katika huduma hii hata ikisuguliwa vipi. Jambo hilo halipunguzi Ukristo wetu, nalo humwezesha mtu kula bila ya moyo kumsuta.

Kisha kuna wavulana wanaonusa gundi kwenye chupa. Kwetu hatumnyang'anyi mtoto chupa yake langoni, kwa sababu akinyang'anywa huondoka bila kula, na wiki ijayo haji. Tunamwomba aitie mfukoni anapokula. Wapo waliokuwa wakiishika kwa meno huku mkono unatafuta tonge, lakini baada ya wiki kadhaa za kuketi kwenye benchi, na kupewa sahani ya melamini kama ya watu wengine badala ya kumiminiwa wali kwenye karatasi, wenyewe huiweka chini. Ukoko wekeni kando kwa ajili yao, maana wanaupenda kupita kiasi. Na yule aliyekaa siku kadhaa bila kula, mtamjua tu kwa macho yake, apewe uji kwanza, polepole, wala asianzishwe na wali wenye tui zito.

Nilikula Mstarini

Ndugu katibu, umewataka waliokaa upande wa pili wa meza, nami ni mmoja wao. Nililala nje katika mji huu tangu utotoni hadi nilipoota ndevu, na nimekula katika mistari ya makanisa na ya misikiti pia.

Mtoto wa mtaani hujifunza haraka sana kile ambacho mwenye chakula anataka kukisikia. Tulijua kanisa gani linahubiri kwa muda mrefu na lipi ni fupi, wapi unatakiwa kuinua mikono, wapi unatakiwa kulia. Nilikuwa na rafiki ambaye aliokoka katika makanisa matatu kwa mwezi mmoja, na kila mahali alipigiwa makofi na kupewa sahani ya kwanza. Hakuwa mtoto mwovu. Alikuwa na njaa, na alikuwa amegundua bei ya chakula. Lakini nawaambia kwa uchungu kwamba baadaye, alipokuwa mtu mzima na akamhitaji Mungu kwa kweli, yale maneno yote ya toba yalikuwa yamechakaa kinywani mwake, kwa kuwa alikuwa ameyatumia kununulia wali. Mzee wenu anazitakia roho zetu mema, nami namwamini. Ila namsihi aione hasara hiyo, kwa sababu ni hasara ya kile hasa anachokitafuta.

Kuhusu picha, nitasema jambo langu mwenyewe. Kundi moja la wahisani lilinipiga picha nikiwa na sahani, kifua wazi, makamasi yananitoka, na picha ile ikachapishwa kwenye kalenda. Hakuna aliyeniuliza. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeoa, kalenda ile ilikutwa nyumbani kwa jamaa wa mke wangu, na shemeji zangu wakanitambua kwa kovu la shavuni. Wafadhili waliotazama picha ile walishaisahau. Mimi bado ninaulizwa habari zake. Mkitaka kuonyesha kazi, pigeni picha masufuria, magunia na wapishi waliokubali.

Je, nini kilinisaidia kutoka? Kwanza, kulikuwa na kanisa moja ambalo siku yake haikubadilika, mvua inyeshe au jua liwake, na kwa hiyo nilikuwa na siku moja katika wiki ambayo niliweza kuipanga. Pili, mhudumu mmoja wa hapo alifuatilia cheti changu cha kuzaliwa. Wasiopitia hali hiyo huenda wasijue kwamba bila cheti hicho ni vigumu mno kupata kitambulisho, na bila kitambulisho huwezi kuajiriwa kihalali, kusajili laini ya simu, wala kujitetea askari anapokukamata usiku. Mhudumu yule alizunguka nami katika ofisi, akaandika barua, akarudi tena tulipofukuzwa. Mahubiri nilianza kuyasikiliza nilipomfuata yeye kanisani kwa hiari yangu, na hadi leo ninasali huko.

Mchungaji Mstaafu, Kaloleni

Wapendwa katika Bwana, kwa kuwa Marko 6 imetajwa, inafaa tuisome yote. Ni kweli kwamba Yesu alianza kuwafundisha wale watu, lakini walikuwa wamemfuata wenyewe kwa miguu hadi mahali pasipo na watu, wakitaka kumsikia. Jioni ilipoingia, wanafunzi ndio walioshauri watu waagwe wakajinunulie chakula, naye akawajibu kwamba wao ndio wawape. Aliwaketisha vikundi vikundi penye majani mabichi, na hatusomi popote kwamba mitume walipita wakiuliza nani alisikiliza na nani alisinzia, nani alifika asubuhi na nani alifika mikate ikiwa tayari imeshamegwa. Kuigeuza habari hiyo kuwa kanuni ya kwamba mahubiri ni kiingilio cha meza ni kuipa sura hiyo mzigo ambao haikuubeba.

Naomba pia mzee wetu mpendwa aisome Yohana sura ya 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha, wamechoka, na Petro ana jambo zito kati yake na Bwana wake, kwa maana alimkana mara tatu. Kama kuna mtu aliyestahili kuhubiriwa kabla ya kupewa chakula, ni Petro asubuhi ile. Lakini wanapofika nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate, na Yesu anawaita waje wafungue kinywa. Yale maswali matatu ya kama Petro anampenda yanakuja baada yao kwisha kula, na mwandishi wa Injili amechukua taabu ya kulitaja hilo waziwazi.

Tena ugomvi wa kwanza wa ndani ya kanisa ulihusu chakula. Katika Matendo 6 wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na mitume hawakuanza kuwapima wajane. Waliwaambia waumini wachague watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi meza. Ningependa kamati yenu itumie muda mwingi zaidi kuchagua watu wa namna hiyo, wasio na hasira, wasiopendelea, wasiomfokea mlevi, kuliko kupanga ratiba ya mahubiri.

Hata hivyo, sitaki mwelewe kwamba ninashauri kanisa lifiche imani yake. Ombeni mkiwa mmesimama, kwa ufupi, kama mnavyoomba nyumbani kwenu mgeni wa dini nyingine anapokuwa mezani. Kisha baada ya chakula, mchungaji au mzee akae pale kwenye benchi, avae nguo za kawaida, na atangaze kwamba anayetaka kuzungumza au kuombewa atamkuta hapo. Wapo watakaoondoka mara tu washibapo, na waende kwa amani. Watakaobaki mtazungumza nao kweli.

Jirani Mwislamu, Majengo

Assalamu alaykum, na amani iwe kwenu nyote. Mimi si wa kanisa, lakini tunawalisha watu hao hao, kwa hiyo naomba ruhusa ya kusema.

Kwanza nawashukuru kwa yule mama mwenye buibui. Katika sura ya Al-Insan, Qur'ani inawasifu wale wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa huku wakisema kwamba wanafanya hivyo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wala hawataki malipo wala shukrani. Tunapoandaa futari ya Ramadhani hapa mtaani, vijana wa kutoka bara walio Wakristo huja na kuketi mkekani pamoja na wafungaji, na hakuna anayewauliza walifunga au hawakufunga. Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 32, inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake, na ingawa uwanja wa kanisa ni mali yenu, mwenye njaa aliyewekewa sharti sidhani kama tunaweza kusema yuko huru.

Jambo langu kubwa ni la siku. Ijumaa watu hawa hukusanyika misikitini, na sadaka hutolewa kwa wingi. Jumamosi kuna ninyi na makundi mengine yanayogawa chakula mjini, na Jumapili makanisa kadhaa hufungua milango. Jumanne na Jumatano ni kama jangwa. Ukipita Marikiti Jumatano alasiri utawaona watoto wakichambua maembe yaliyooza kwenye mapipa, ilhali Jumamosi unaweza kuona wali umeachwa juu ya ukuta kwa sababu mtu amekula mahali pawili. Mkihamia katikati ya wiki, hata kwa sufuria ndogo zaidi kwa sababu wahudumu wengine wako kazini, mtakuwa mmewasaidia maradufu kwa mchele ule ule.

Na Ramadhani ikiingia, kumbukeni kwamba wapo wanaofunga wakiwa hapo hapo barabarani. Mkiwapakulia saa sita mchana mnawaweka katika mtihani. Wekeeni akiba waje magharibi, au mtuletee sehemu yao sisi tuigawe.

Katibu wa Huduma, Mombasa

Nawashukuruni sana, nanyi mlioandika yaliyowauma nawashukuru zaidi. Nimeuchapisha mjadala huu kwa ajili ya wanakamati, na mzee niliyemtaja ameshausoma. Amesema atazungumza mwenyewe katika mkutano, nami sitamsemea. Aliniuliza tu swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: wale watoto wadogo, wa miaka saba au minane, wanaokuja bila mtu mzima, je, kuwapa chakula na kuwaacha warudi sokoni kunatosha? Baadhi ya akina mama wamejitolea kuwachukua na kuwalea nyumbani kwao.

Mhudumu wa Ustawi wa Jamii

Ndugu katibu, mzee wako ameuliza swali lililo zito kuliko yote yaliyotangulia. Katika hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 walipatikana watu 46,639 nchini kote, na Mombasa ilikuwa na 7,529, ya pili baada ya Nairobi yenye 15,337. Kwa hiyo hakuna kanisa litakaloibeba kazi hii peke yake, lakini mtoto mmoja aliye mbele yenu ana njia yake ya kisheria.

Akina mama hao wasimchukue mtoto na kwenda naye nyumbani, hata kwa nia njema kiasi gani, kwa sababu huenda mtoto ana mzazi anayemtafuta, au mama anayeomba mtaa wa pili, na mwenye kumchukua anaweza kujikuta akishtakiwa kwa kuiba mtoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu mtoto anayeranda na kuombaomba kuwa anahitaji malezi na ulinzi, na mlango wake ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Mwendeeni kabla ya kuwa na tatizo, mjitambulishe kama kanisa, mumweleze siku mnayogawa chakula, na mumwombe afike siku moja aone. Kwa dharura ya usiku, kama mtoto aliyepigwa au aliyenajisiwa, pigeni nambari 116, ambayo ni ya bure. Akina mama wenye nia ya kulea waombe kwa afisa huyo kuwa walezi wa muda wanaotambulika, wachunguzwe, kisha wapewe mtoto kwa karatasi halali.

Picha za watoto msizipige kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na hao hawana wa kuwatolea ridhaa hiyo.

Anzeni na daftari moja la kawaida, likae kwa mtu mmoja mnayemwamini, na lisionyeshwe wageni. Andikeni jina ambalo mtoto anajiita mwenyewe, mahali anapolala, anakosema kwao ni wapi, na alikuja na nani. Msimuulize yote siku ya kwanza, na msimuulize akiwa bado hajala. Akikosekana wiki mbili mfululizo, waulizeni wenzake alipo, kisha mpelekeeni afisa wa watoto ukurasa huo.